Kikombe cha Nane

Karakana, Tunduma
Mchana, mkiwa Isansa

Sekela mwanangu,

Sikuulizi hali, maana asubuhi nimekuona ukila viazi na chai, na mara mbili umeniomba chumvi. Uko mzima. Na mimi mzima, kwa kadiri mtu anavyoweza kusema hivyo. Wewe na mama yako mmekwenda Isansa kumuaga bibi, na mmesema mtarudi kabla giza halijaingia. Nilikataa kufuatana nanyi nikasema nina kazi. Kazi yenyewe ndiyo hii. Nimefunga mlango wa karakana, nimeondoa vyuma juu ya meza, nimechukua daftari la mistari, na mvua imeanza kugonga bati. Wateja wakikuta mlango umefungwa watadhani nimekufa. Waache wadhani.

Kesho alfajiri unapanda basi la Arusha kwenda chuoni kujifunza usonara. Mambo ya kula, kulala, kufunga begi na kujihadhari na watu wa stendi, mama yako amekwisha kuyasema, na ataendelea kuyasema mpaka dereva apige honi. Hapo sina la kuongeza. Mablanketi matatu ni mengi, lakini hilo nalo mwambie mwenyewe, mimi nimeshindwa.

Mimi nina jambo moja tu, la jicho lako la kushoto. Nimelikalia miaka tisa. Wewe unajua kisa kimoja cha jicho hilo, na kisa hicho ni cha uongo, na aliyekitunga ni mimi. Nataka uondoke hapa ukiwa na kile cha kweli. Ila nikikianza moja kwa moja nitakikimbia katikati, najijua, kwa hiyo niache nizunguke kidogo kwenye vyuma. Huko ndiko ninakojua kuongea.

Chini ya meza kuna sanduku la mbao lenye kamba. Ni lako. Wiki nzima umeniuliza napiga nini huku nyuma, nikakwambia bawaba za mteja. Hakukuwa na mteja. Ndani kuna kigogo cha mninga chenye mashimo tisa, kuanzia la punje ya mahindi hadi la kuingia nusu ya limau. Hayo mashimo sikuyachonga kwa tindo. Nilipasha gololi za beringi mpaka zikawa nyekundu, nikazishika kwa koleo moja moja, nikazikandamiza juu ya mti upande ule uliokatwa na msumeno, zikajitafutia njia zenyewe kwa moshi. Ukikwangua mkaa wake kwa kijiko kikuukuu na kupitisha msasa, unabaki na shimo la mviringo kuliko lile ambalo mkono wa mtu ungechonga. Unaweka kisahani cha shaba juu ya shimo, unaweka kibonyezo juu ya kisahani, unapiga, kisahani kinazama na kuwa kikombe. Haya yote unayajua. Nayaandika kwa sababu mkono unapenda kuandika unachokijua.

Kuna pia kopo la samaki nililolimiminia risasi iliyoyeyushwa kutoka betri za malori. Hilo ni la shaba nyembamba isiyotaka kukwaruzwa. Likichakaa liyeyushe upya, lakini nje, penye upepo, na unawe mikono kabla hujagusa chakula. Kuna pete tatu za beringi, hizo kazi yake unaijua. Kuna vibonyezo sita: vinne ni bolti nilizoziviringisha vichwa kwa tupa, viwili nimechomelea gololi kwenye ncha zake. Na kuna nyundo ya mti wa mpera. Hakuna hata kimoja kilichotoka dukani. Vyote vimetoka kwenye foleni ya malori hapa mpakani, ambapo hapakosi lori lililokufa beringi na fundi anayetupa ile mbovu mtaroni.

Huko chuoni watakuwa na seti za kiwandani, chuma kinang'aa, kila shimo na namba yake. Wenzako watakicheka kigogo chako. Kama kitakutia aibu kiweke uvunguni, sitajua. Lakini ipo siku seti ya chuo itakuwa mikononi mwa mtu mwingine na wewe una kazi ya kumaliza, na siku hiyo utapiga magoti ukitoe.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Nzowa wa Nanyala. Hukumkuta hai. Watu wake walikuwa wahunzi wa Kinyiha tangu enzi zile walipokuwa wakiyeyusha chuma wenyewe kwenye tanuru za udongo, na yeye ndiye aliyekuwa amebaki, anapiga majembe na visu pembeni ya barabara kuu, malori yakimrushia vumbi. Alikuwa mkorofi wa maneno. Mwaka wangu wa kwanza kwake nilichonga shimo kwenye kipande cha jiwe jeupe la hapo hapo Nanyala, nikidhani nitapata kitako kizuri cha kupigia vikombe. Wiki nzima nachonga. Pigo la tatu jiwe likapasuka vipande viwili. Mzee alikichukua kipande kimoja akakifanya cha kuzuia mlango, na kila nilipoingia asubuhi nilikuwa nakisogeza kwa mguu.

Baadaye nikaleta gololi za lori, nikijiona nimegundua kitu. Alizigeuza mkononi akaniuliza, "Umezipika?"

Nikasema za nini kuzipika, ni ngumu tayari.

"Ndiyo maana nakuuliza," akasema.

Basi akanielekeza. Gololi ya beringi imepikwa kiwandani ikawa ngumu kupita kiasi, ugumu wa kioo, na kama kioo inaweza kuruka vipande. Ukitaka kuifanya chombo cha kupigwa, iweke kwenye moto wa mkaa mpaka iwe nyekundu yote, uizike kwenye majivu ya moto, uiache huko mpaka kesho yake. Ikitoka imelainika kidogo, ni nyeusi, ina magamba. Hapo ndipo unaisugua kwa msasa nusu siku. Na hata baada ya hapo usiipige moja kwa moja kwa nyundo ya chuma. Ichomelee kwenye bolti, uipitishe tena motoni, upige bolti, tena kwa nyundo ya mti. "Ukiwa na haraka," Mzee Nzowa aliniambia, "nenda kauze nyanya." Nilicheka. Lakini nilifuata, na nikaendelea kufuata hata baada ya kumzika na kuhamia Tunduma. Miaka kumi na miwili sikuwahi kupiga gololi ambayo haijalala kwenye majivu.

Halafu ikaja ile Ijumaa.

Unamkumbuka Bana Chanda, yule mama mnene wa Nakonde mwenye kicheko, aliyekuwa akivuka kuja kuchukua hereni zetu za vikombe akaziuze kwao Zambia. Alipita asubuhi hiyo akasema kesho kuna harusi kubwa upande wao, na wasichana wote wa bibi harusi wanataka hereni za shaba. Akachukua moja ya zile za zamani, akaipindua, akatazama ndani yake. "Bashi Sekela," akaniambia, maana kwao ndivyo anavyoitwa baba Sekela, "safari hii zing'ae na ndani. Hizi za juzi ndani ni kama sufuria la makande."

Hazikuwa mbaya, Sekela. Zilikuwa na mikwaruzo midogo tu kwa ndani, kwa sababu gololi iliyopita kwenye majivu hairudishi mng'ao wake wa kiwandani hata uisugue mpaka kidole kitoke damu. Shaba inachukua sura ya kinachoibonyeza. Lakini neno lile la sufuria liliniuma, tena mbele ya watu. Na mezani nilikuwa na gololi mpya, nimeitoa kwenye beringi siku hiyo hiyo, inang'aa hadi naiona pua yangu.

Hapa nataka usome polepole. Nilijua. Sikusahau, sikuchanganyikiwa, sikuwa na homa. Nilijua inataka moto, na majivu, na kulala hadi kesho, na nikajua kwamba ikitoka huko itakuwa nyeusi na mng'ao umekwenda, na Bana Chanda atatazama ndani tena. Nikaiweka tupu juu ya kisahani, nikaipiga kwa nyundo ya chuma.

Kikombe cha kwanza kilitoka kinang'aa ndani kama kijiko kipya. Nikamwita mama yako aje aone. Akakigeuza akasema, "Haya, leo umekuwa sonara wa mjini." Nilifurahi kama mjinga. Nikapiga cha pili, cha kumi, cha hamsini. Kila kimoja kilichotoka salama kilinionyesha kwamba Mzee Nzowa alikuwa mtu wa zamani na woga wake wa zamani.

Ulirudi shuleni umechoka, ukatupa begi, ukala hindi umesimama mlangoni pale. Ulikuwa darasa la tano. Ukasema, "Baba, na mimi." Mkono wangu ulikuwa umechoka na moyo wangu umejaa, nikakukalisha kwenye kigoda changu. Miwani ya kuchomelea ilikuwa inaning'inia kwenye msumari. Nilikuvalisha, ikateleza ikasimama kwenye midomo, tukacheka sote wawili, nikairudisha kwenye msumari wake.

Nilisimama nyuma yako. Nikakwambia nyundo inyooke, piga mara moja, usiogope. Ukapiga. Kikombe kikatoka kizuri. Ukapiga kingine. Ulipiga saba, na mimi nilikuwa natazama kila kimoja kwa sababu nilikuwa najivunia. Cha nane nyundo ilishuka kama ilivyoshuka kwenye vile saba, imenyooka, katikati. Sauti ndiyo ilikuwa tofauti. Ilikuwa kavu, fupi. Ukaiweka nyundo chini taratibu, kama nilivyokufundisha kuweka nyundo, ukasema, "Baba, kuna kitu kimeingia."

Hukulia. Nilikwambia usisugue. Halafu, kabla sijakubeba, nilipiga magoti nikaitafuta gololi sakafuni. Niliiona chini ya meza, imemeguka upande mmoja, nikaitia mfukoni. Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Wewe ulikuwa umesimama, umeziba jicho kwa kiganja, unaningoja, na mimi baba yako nilikuwa chini natafuta gololi. Ndipo nikakubeba.

Hospitali daktari aliuliza ilikuwaje. Ulikuwa umelazwa pale, unasikia, na mama yako alikuwa amefika, amesimama mlangoni na kanga ameishika mkononi, hakuwa hata amejifunga. Nikasema, "Alikuwa anapiga chuma. Nilimwambia anyooshe nyundo, akapiga upande."

Daktari akaandika.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Nimetafuta sababu kubwa, inayolingana na jicho la mtoto, sikuipata. Mama yako alikuwa mlangoni na niliogopa uso wake. Basi, ni hilo tu. Kama angekuwa amechelewa gari, labda ningesema kweli.

Kipande walikitoa. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya ulezi. Jicho lilibaki mahali pake, na hata leo mtu akikutazama hajui, ila halioni zaidi ya mwanga wa mlango. Siku ya tatu mama yako alikuwa anakulisha uji huku analia, akakwambia, "Si uliambiwa unyooshe, mwanangu?" Ukamjibu, "Samahani, mama." Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika bakuli. Nikaendelea kulishika.

Ningesema siku ile. Ningesema kesho yake, au mwezi uliofuata, au ulipofaulu darasa la saba na nyumba nzima ilikuwa na furaha. Uongo wa namna hii hauhitaji kulishwa. Niliusema mara moja tu, nyinyi ndio mkaubeba kwa niaba yangu. Mama yako aliusimulia kwa bibi, bibi akausimulia kanisani, na wewe ukausimulia shuleni. Ulikuwa na miaka kumi na minne uliponiuliza hapa hapa karakana, ukiwa umegeuza shingo ili unione kwa jicho zima, "Baba, hivi kweli siku ile nilipiga upande?" Nikakujibu, "Ulikuwa mtoto." Ukaitikia kwa kichwa ukaendelea kupanga misumari. Ulidhani nakusamehe.

Sasa nikwambie nilichokiona tangu hapo, maana wewe hukioni, kipo mkononi mwako mwenyewe. Unashika sahani kwa mikono miwili. Unasema samahani kabla hujagusa kitu cha mtu. Na ukikaa kwenye kigogo unapiga mara kumi, kumi na mbili, vidogo vidogo, mahali panapotaka pigo moja, ndiyo maana vikombe vyako vina mikunjo ukingoni. Visahani unavikata vizuri kuliko mimi. Kulehemu ulinipita miaka miwili iliyopita, tena kwa jicho moja. Ila kupiga, hapana. Mimi nimekuwa nikikufokea, "Piga mara moja, we mtoto," na siku moja mbele ya wateja nikasema unagonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mbwa. Walicheka, na wewe ukacheka. Nilijua kwa nini unagonga hivyo. Nilijua, nikatafuta mzaha.

Huko unakokwenda mwalimu atakupa nyundo siku ya kwanza. Atasimama nyuma yako kama nilivyosimama. Na wewe utakumbuka kwamba mara ya mwisho ulipopiga kwa nguvu yako yote ulijitoboa jicho. Hicho ndicho kilichonikalisha hapa leo. Utakwenda Arusha na kitu nilichokuwekea mimi, na kule hakuna mtu wa kukitoa kwa sababu hakuna anayejua kipo.

Kuna jambo lingine, la fomu.

Wiki tatu zilizopita uliniletea fomu ya chuo niweke sahihi ya mzazi. Kulikuwa na mahali pameandikwa kama mwanafunzi ana ulemavu aeleze na chanzo chake. Wewe uliandika kwa mwandiko wako mzuri: jicho la kushoto, ajali, uzembe wangu mwenyewe utotoni. Nikasoma. Ukanipa kalamu. Nikaweka sahihi chini yake, ukasema asante baba, ukaondoka na fomu.

Tangu siku ile nimekufa ganzi. Sijui nisemeje vinginevyo. Nakula, sijui ninachokula. Juzi nilishika koleo upande wa moto, na nilichotangulia kujua ni harufu, maumivu yakaja baadaye. Mama yako anasema nimekuwa gogo, anadhani ni kwa sababu unaondoka. Nimemwacha adhani. Wenzangu hapa mtaani wananiuliza, binti anaenda chuo, unasikiaje? Nasema namshukuru Mungu. Ukweli sisikii kitu. Nimejaribu kukaa na wazo kwamba kesho kigoda kile kitakuwa hakina mtu, nikangoja uchungu uje, haukuja. Nadhani hauwezi kuja kabla ya hili, unasubiri foleni.

Sitaki unisamehe kwa barua. Nakujua, utataka kusamehe haraka ili nisijisikie vibaya, na mimi nitaupokea msamaha haraka, tutakuwa tumemaliza bila kuwa tumefanya kitu. Kaa nalo. Kasirika kama hasira itakuja. Ukinyamaza mwaka mzima nitajua ni kwa nini, sitakupigia simu kuulizia.

Kuhusu kazi nakwambia kidogo tu, na si kama baba, ni kama mtu aliyeiharibu. Jihadhari siku ambayo kitu kimekwenda vizuri mara hamsini. Mimi vile vikombe hamsini ndivyo vilivyonidanganya, kuliko hata Bana Chanda. Naye hana hatia, alitaka hereni tu. Alipokuja jioni akakuta mlango umefungwa, akasikia habari, akaja hospitali na machungwa. Alisema "natotela", asante ya kwao, kwa kila muuguzi aliyepita, hata wale ambao hawakuwa wamefanya kitu. Hakuulizia hereni tena.

Vile vibonyezo viwili vya gololi nilivyokuwekea sandukuni vimelala kwenye majivu mara mbili, kabla ya kuchomelea na baada yake. Ni vyeusi. Usivisugue kutafuta mng'ao. Vitaacha mikwaruzo ndani ya kikombe, na atakayelalamika mwache alalamike.

Niliwaza kuiweka barua hii chini ya kigogo, uikute Arusha ukifungua sanduku. Nilishafikia hata kuipima kama itaenea. Ningekuwa nimesema, na ningekuwa mbali, na wewe ungesoma peke yako chumbani na watu usiowajua. Hiyo ni tabia ile ile ya hospitali, na ya kutafuta gololi kwanza. Kwa hiyo hapana. Mkirudi nitamwita mama yako humu ndani kabla ya chakula, nimwambie kwa mdomo wangu, wewe usibebe kazi ya kumwambia. Uso wake nitautazama. Kisha nitakupa barua hii mkononi, na nitakaa hapa kwenye kigoda mpaka umalize kusoma.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, fupi, ya mkuu wa chuo chako. Inasema pale penye chanzo pamekosewa, na mzazi aliyeweka sahihi alijua pamekosewa. Nimeandika panavyotakiwa kusomeka: uzembe wa baba. Uipeleke au usiipeleke, ni juu yako, lakini nimeiandika na jina langu lipo.

Na kuna kitu cha mwisho, kiko kwenye kopo la misumari ya inchi tatu, lile la rafu ya juu ulilokuwa hulifikii. Kimefungwa kwa kitambaa. Usiku ule nilirudi nyumbani kuchukua blanketi lako, nikapita karakana. Kigogo kilikuwa pale pale mezani, na kikombe cha nane kilikuwa bado kimo shimoni, hakuna aliyekitoa. Nilikitoa. Nilikitazama kwa tochi. Nikakificha pamoja na gololi iliyomeguka, na kila siku kwa miaka tisa nimefungua karakana hii nikijua kipo juu ya kichwa changu.

Wewe ni fundi, hupaswi kuniamini mimi tena katika hili, kwa hiyo amini kikombe. Unajua kinachotokea mtu akipiga upande: ukingo mmoja unapanda, mwingine unashuka, ukikiweka mezani kinywa chini kinachechemea. Fungua kitambaa. Kiweke kikombe kinywa chini juu ya kile kipande cha kioo kilicho dirishani. Kisukume kwa kidole kila upande, taratibu, uwezavyo.

Hakichechemei, mwanangu. Siku ile ulipiga sawasawa.

Baba yako